TAHARIRI: SHATI LA MAMBA

Ndugu wanachama,

Leo tunasema habari ya mashati. Msicheke, maana jambo hili linakula chama chetu.

Kikao kilichopita kimeona kwamba vijana kadhaa hawajamaliza hisa. Wengine wameuza hata mbegu ya kitunguu saumu waliyoitunza ndani, wakaenda mnadani kununua mashati ya nembo. Mimi Katibu nikasimama, nikawasema sana. Nilipokaa kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mzee Katibu, na hilo ulilovaa wewe umelipata kwa hela gani?"

Ndugu zangu, nilinyamaza. Nilikuwa nimevaa shati la mamba. Basi namjibu hapa ukutani, kila mtu asome.

Tamaa ya shati naijua toka utoto. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 nguo ziliadimika nchini. Viwanda tulikuwa navyo, Urafiki kule Dar es Salaam, Mwatex Mwanza, Kiltex Arusha, lakini vipuri na fedha za kigeni vilikosekana. Kitambaa kikifika dukani ni foleni. Kwetu shati moja zuri tulilivaa kwa zamu, ndugu watatu. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980 mitumba ikaingia, tukapumua.

Sasa nguo zipo tele, kuanzia Haydom mpaka Katesh. Lakini tamaa imehama. Zamani tulitaka shati, siku hizi tunataka jina la shati.

Siku ile ya mnada nilikuwa na shilingi 40,000 za kumalizia hisa. Muuzaji akaniambia, "Mzee, hii orijino, inatoka Ulaya, 35,000 tu." Nikatoa. Nyumbani nikavaa miwani, nikasoma nembo herufi kwa herufi kama tulivyofundishwa kwenye darasa la ngumbaro. Mwanangu akaniandikia pembeni jina la kampuni yenyewe ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1933 na mcheza tenisi aliyepewa jina la utani la mamba: Lacoste. Langu limeandikwa Lacotse. Nililifua mara mbili, mamba akang'oka mkia.

Kisomo nilikuwa nacho, ila nimekitumia baada ya kulipa. Hilo ndilo kosa langu.

Tufanye hesabu. Shati la mtumba lisilo na tundu ni 5,000. Ningebaki na 35,000, nikaongeza kidogo, hisa ingekwisha. Na wewe uliyeuza mbegu, msimu ukifika utaitafuta kwa bei ya mwenye nayo. Shati halioti.

Lakini tusiwalaumu vijana peke yao. Kijana akija ofisini na shati lililochanika anaambiwa asubiri nje. Akija na shati la nembo anapewa kiti, hata kama anadaiwa. Nani anagawa viti? Ni sisi wazee. Bibi zetu walishona sketi za ngozi kwa shanga, mkono wao wenyewe, na heshima yao ilitokana na kazi ile. Na baada ya maporomoko ya matope ya Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80, watu walichangia nguo. Mimi sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza nembo. Nguo ilikuwa nguo.

Kwa hiyo napendekeza hivi:

1. Jina langu liandikwe kwenye orodha ya wanaodaiwa, hapa hapa ubaoni, la kwanza. Nitalipa kabla ya kikao kijacho. Nisipolipa, nisiongoze kikao.

2. Asiuze mtu mbegu kabla hajaja kuzungumza na kamati. Aliyebanwa asikilizwe, asitukanwe.

3. Kwenye kikao viti vikaliwe kwa kufuata nani kafika kwanza. Shati lisimpe mtu kiti.

Kupendeza si dhambi. Vaa mtumba, ufue, upige pasi, fundi akutilie kifungo. Ila kabla hujatoa hela soma kwanza nembo, halafu soma na kitabu chako cha hisa.

Kijana uliyeniuliza, asante. Uliuliza vizuri.

Ni mimi,
Katibu wa Tawi