Kaskazi Imeingia: Tutapungia Upepo Wapi?

Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo imjaribuyo mkazi wa Dar es Salaam. Joto la mchana hufika nyuzi 32, na hata usiku wa manane ukuta wa saruji huwa ungali na joto la alasiri. Baba aliyeshinda akibeba mizigo sokoni, mama aliyeshinda mbele ya jiko la mkaa, na watoto watano walalao chumba kimoja, wote hawana budi kutoka nje. Wapo wanaouita uvivu. Mwili hauujui uvivu huo. Unajua jasho tu.

Wazee waliojenga Kariakoo walilifahamu jambo hili. Nyumba yao ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba kila upande, ilikuwa na ua nyuma na baraza mbele. Kutwa kazi zilifanyika uani; jua lilipoinama, wote walihamia barazani. Hapo palichezwa bao, palisukwa nywele, palipatanishwa waliogombana, na mtoto wa jirani aliangaliwa pamoja na wa nyumbani. Mtu hakuhitaji nauli wala kiingilio ili apumzike. Alipiga hatua chache kutoka kitandani, akaukuta upepo.

Nyumba hizo sasa zinahesabika. Kiwanja kimoja baada ya kingine kimejengwa ghorofa, na palipokuwa na baraza pana mlango wa duka, na mbele ya mlango huo pana meza ya mchuuzi. Mchuuzi hana kosa, naye anatafuta riziki. Lakini familia ikaayo ghorofa ya sita haina ua wala baraza, na watoto wake huchezea ngazini. Mwaka 1967 jiji hili lilikuwa na watu wasiotimia 300,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima.

Mahali pa wazi palipo karibu zaidi na Kariakoo ni Mnazi Mmoja, kati ya Mtaa wa Lumumba na Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Yafaa wazazi wawaeleze watoto asili yake. Wajerumani walipanga kuacha ukanda mtupu baina ya makazi ya Waafrika na sehemu za Wahindi na Wazungu. Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916 na ambao kikosi chao cha wapagazi ndicho kilichoiachia Kariakoo jina, waliuendeleza mpango huo. Kisingizio kilikuwa afya. Leo, kwenye ukanda huohuo uliowekwa ili watu wasikaribiane, vijana wa pande zote mbili hucheza mpira pamoja, na karibu yao umesimama mnara wa Mwenge wa Uhuru.

Kiwanja kitupu katikati ya jiji, hata hivyo, humtamanisha kila mwenye mradi. Kisipokuwa na watu jioni, wapo watakaosema hakina kazi. Kwa hiyo mzazi ampelekaye mtoto kukimbia pale anakilinda pia. Na palipo na kiwanja kidogo cha wazi mtaani kwenu, ulizeni habari zake kwenye mkutano wa serikali ya mtaa kabla hamjaona matofali.

Wanaoweza kutembea zaidi wana Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1893, ambako kivuli cha miti mikubwa ni kizuri kuliko feni yoyote. Mbele yake kuna ufuko wa Ocean Road, barabara ambayo tangu mwaka 2013 huitwa Barack Obama. Nendeni baada ya saa kumi, jua likiwa limelegea na upepo wa bahari ukivuma. Chukueni mkeka na maji ya kunywa kutoka nyumbani, pesa zibaki za dafu na mihogo. Watoto wasiingie majini pasipo mtu mzima wa kuwatazama, kwani maji yakijaa hubadilika upesi.

Kwa wenye watoto wadogo, mimi husifu pantoni ya Kivukoni. Nauli yake ni ndogo, upepo wa mkondo ni wa bure, na mtoto huona meli zikiingia bandarini. Vukeni, nunueni mahindi ya kuchoma upande wa Kigamboni, kisha rudini kabla giza halijaingia.

Wasioweza kwenda popote wasikate tamaa. Jumapili maduka yakishafungwa, Kariakoo hupumua kidogo. Muuza kahawa hutua dele lake pembeni mwa njia, sahani ya kashata kando, na mabenchi hutolewa nje. Wazee huanza bao lao palepale, mbele ya milango ya chuma iliyoshushwa. Akina mama nao wana haki ya benchi. Waume wawaachie nafasi, na sufuria za chakula cha usiku zioshwe na yeyote aliyekwisha kupumzika.