Mwacheni Mzee Ainuke

"Tulia hapo hapo, baba. Usishuke, utaanguka." Maneno hayo nimeyasema miaka mingi wodini, na nayasikia kila siku geti linapofunguliwa na ndugu kuingia kuona wagonjwa. Yanasemwa kwa mapenzi, ndiyo maana ni vigumu kuyapinga. Lakini nayapinga, kwa kuwa nimeona kwa macho yangu yanavyovunja watu nyonga.

Imani iko hivi: aliyelala haanguki, basi mgonjwa, na hasa mzee, akae kitandani mpaka apone. Ni kama haina kasoro. Ila hakuna mtu anayelala wiki nzima bila kwenda haja. Iko siku atainuka, tena huenda ikawa usiku wa manane. Usalama wake saa hiyo utategemea miguu aliyobaki nayo.

Nilimuuguza seremala mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu, aliyeletwa na nimonia. Aliingia wodini kwa miguu yake, akikohoa huku amekamata bega la mwanawe. Siku ya kwanza alijiendea msalani. Siku ya pili tulimtundikia dripu, na binti yake akanivuta pembeni: "Dada, nakuomba sana, baba asishuke kitandani." Nikakubali. Nikamwekea chupa ya mkojo chini ya kitanda, nikaona nimemaliza kazi.

Ile chupa hakuitaka. Wodi yetu haina mapazia, na kitanda cha pili yake alilazwa kijana wa mtaani kwake. Akawa anajibana, na maji ya kunywa akayapunguza. Usiku wa siku ya sita, kama saa tisa hivi, nilisikia stendi ya dripu ikigonga sakafu. Taa ya korido ilikuwa inawaka, na sakafu ilikuwa kavu kabisa. Alisimama, magoti yakalegea, basi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefupika na unyayo umegeukia nje, na muuguzi yeyote akiona hivyo hahitaji kusubiri picha ya eksirei. Nilipomwinamia aliniambia, "Samahani, mwanangu, sikutaka kukusumbua."

Tulimwangusha sisi, kwa siku tano za kumlaza.

Misuli ya mzee haingoji. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwalaza kitandani kwa siku 10 wazee wenye afya njema, wastani wa umri wao miaka 67, bila homa wala maumivu, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Kwa siku hizo chache, wazee hao walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Sasa mwongezee mzee wako homa, chakula kisichoshuka kooni, vidonge vya presha, na dawa ya kutoa maji mwilini inayomwamsha kila mara. Damu nayo huzoea mlalo: mtu akisimama ghafla baada ya siku nyingi, presha inashuka na macho yanaingia giza. Haya yameandikwa zamani. Mwaka 1947 daktari Mwingereza Richard Asher alichapisha katika jarida la madaktari wa nchi yake onyo kali juu ya hatari za kumlaza mgonjwa kitandani. Ni karibu miaka 80 sasa, na sisi bado tunaagiza "mapumziko ya kitandani" kana kwamba ni dawa isiyo na madhara.

Wapo wanaodai vyuma vya pembeni mwa kitanda vipandishwe, au mkono ufungwe kwa bendeji pale mzee anapoweweseka. Mtu aliyechanganyikiwa akikiona kile chuma hukiona kama uzio, na uzio huparamiwa. Akiuparamia ataanguka kutoka juu zaidi kuliko kama angejishukia mwenyewe. Wengine hunaswa humo. Kati ya 1985 na 2009, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipokea taarifa 803 za watu walionaswa kwenye vyuma vya vitanda, na 480 kati yao walikufa.

Huko huko Marekani, Oktoba 2008, bima ya serikali ya wazee iliacha kuzilipa hospitali gharama za ziada za majeraha ya mgonjwa aliyeangukia wodini. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo madaktari wa wazee wa nchi hiyo wameeleza kilichofuata: wagonjwa kuzuiwa vitandani, na kengele za kulia kila wanapojaribu kuinuka. Kengele hizo zilipojaribiwa katika wodi 16 za hospitali moja, matokeo ya 2012 yalionyesha kuwa wagonjwa waliendelea kuanguka vilevile.

Kilichofaa kilikuwa rahisi zaidi. Katika wodi 8 za Australia Magharibi wanakolazwa watu wanaojifunza upya kujimudu, kila mgonjwa mwenye akili timamu aliketishwa, akaelezwa kinachoweza kumwangusha na akaulizwa atafanyaje. Wauguzi nao wakapelekewa alichosema. Kuanguka kulipungua kwa kama asilimia 40. Mimi seremala wangu sikumuuliza hata swali moja. Ningemuuliza, angenieleza habari ya kijana wa mtaani kwake, na ningempeleka msalani kabla sijazima taa.

Wauguzi wenzangu wataniambia usiku tuko wawili kwa wagonjwa arobaini. Ni kweli, na uchache huo ni dhuluma kwetu na kwa wagonjwa. Lakini kumsindikiza mzee chooni ni dakika kumi. Aliyevunjika nyonga atavutwa mguu kwa uzito wiki kadhaa, atageuzwa usiku na mchana asipate vidonda vya mgongo, ataoshwa na kulishwa, na kazi hiyo itafanywa na sisi wawili wale wale.

Wapo wanaopaswa kulala kweli, kama aliyeumia uti wa mgongo. Hao daktari huwaandikia, na wengi wa walio wodini si hao.

Nanyi ndugu, mna mikono ambayo sisi hatuna. Saa ya kuona wagonjwa mnaingia watano na chupa ya uji, mnazunguka kitanda, mnampapasa miguu, mnamwombea, mnaondoka. Mwulizeni nesi kama anaruhusiwa kuinuka. Akikubali, mketisheni ukingoni mwa kitanda, miguu ikanyage chini, achezeshe vifundo, akae dakika mbili tatu mpaka kizunguzungu kipite. Mleteeni viatu vya mkanda wa nyuma, maana kandambili humtoka njiani. Mshikeni kiunoni, msimvute mkono. Nendeni naye hadi msalani, mumsubiri mlangoni, mrudi naye. Na kabla geti halijafungwa, njooni mezani kwetu mtuulize: tangu asubuhi ametembea mara ngapi? Tukikosa jibu, ulizeni tena jioni.