Mchezaji apewe karatasi kabla ya jezi

Ipo biashara moja inayofanyika kila mwaka katika shule zetu za sekondari, ambayo kila mwalimu wa michezo anaijua ila hapendi kuitaja kwa jina lake. Ni biashara ya watoto warefu. Mashindano ya mpira wa vikapu yanapomalizika katika ngazi ya kaunti, wageni huanza kuonekana Voi, Mwatate na Wundanyi wakiuliza habari za kijana fulani aliyefunga vikapu vingi, au za msichana fulani ambaye hakuna aliyeweza kumzuia. Hawaji kwa kunyata. Huja kwa adabu, wakaketi na mzazi, wakanywa chai, na kabla jua halijatua ahadi huwa imekwisha kutolewa: mtoto aje kwetu, karo tutalipa sisi.

Mimi si adui wa ahadi hiyo. Karo ya bweni iliyoidhinishwa na Wizara ya Elimu imekuwa shilingi 53,554 kwa mwaka katika shule za kitaifa na nyingine za miji mikubwa, na shilingi 40,535 katika shule nyingi zilizosalia. Kwa mama anayekata makonge Mwatate, au mkulima wa kando ya mbuga ya Tsavo asiyejua usiku wa leo ndovu watamwachia nini shambani, hizo si hesabu za mzaha. Mtu akija na kumwambia kwamba urefu wa mwanawe utailipa karo, ana haki ya kumshukuru Mungu. Fauka ya hayo, shule nyingi za huku hazina uwanja wa vikapu unaostahili kuitwa uwanja. Ni udongo mwekundu na nguzo mbili, na mvua ikinyesha hata kuudundisha mpira haiwezekani. Mtoto mwenye kipaji akitaka kuondoka, nani atamlaumu?

Ninacholalamikia ni kwamba malipo hayo, na ni malipo hata tukiyapamba kwa jina la ufadhili, hayaandikwi popote. Katika miaka yote niliyofuatilia michezo ya shule hapa Pwani, sijapata kuonyeshwa karatasi iliyotiwa sahihi na mwalimu mkuu ikieleza mtoto atalipiwa kiasi gani, hadi lini, na itakuwaje akivunjika mguu. Mwenye kununua ng'ombe mnadani hudai stakabadhi. Anayechukua mtoto wa watu hutosheka kwa kupeana mkono.

Labda msomaji atasema kwamba fedha na michezo ya wanafunzi ni kama maji na mafuta. Hivyo ndivyo Wamarekani walivyosema kwa zaidi ya nusu karne. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vyao, kilishikilia kwamba mchezaji wa chuo ni mwanafunzi tu, na stahili yake ni karo, chakula na malazi, basi. Makocha wakalipwa mamilioni ya dola, vituo vya televisheni vikatoa mabilioni ili vionyeshe mpira wa vikapu wa mwezi Machi, na kijana aliyekuwa akitokwa jasho uwanjani akakatazwa hata kuuza sahihi yake. Aliyetaka kuhama kutoka chuo kimoja hadi kingine alilazimika kukaa benchi mwaka mzima, ilhali kocha wake angeweza kuhama leo na kesho akaanza kazi kwingine.

Ukuta huo ulibomolewa tofali baada ya tofali. Juni 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikishinda chama hicho katika kesi ya Alston. Julai mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kupokea fedha kwa matumizi ya majina na sura zao. Aprili 2024 mchezaji anayefanya vyema darasani akaachiwa ahame mara nyingi atakavyo bila kuadhibiwa. Kisha tarehe 6 Juni 2025, Jaji Claudia Wilken akaidhinisha maafikiano yanayokiruhusu chuo kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza.

Sisemi tuige. Kwa hakika huko nako mizani imeelemea upande wa pili, kwani kuna vijana wanaobadilisha vyuo kila mwaka kama wasafiri wanaobadilisha matatu, na sehemu kubwa ya fedha inaishia katika kandanda ya Kimarekani na vikapu vya wanaume. Lakini jambo moja wamelikubali ambalo sisi bado tunalikwepa: kukana kwamba kuna malipo hakuyaondoi malipo. Humnyima tu aliye dhaifu ushahidi wa kwenda nao mahakamani.

Wala tusidhani kwamba habari hizi ziko mbali nasi. Mwaka 1978 Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State University, alivunja rekodi 4 za dunia kwa muda wa siku 81. Chuo kilipata sifa dunia nzima, na kanuni za wakati ule hazikukiruhusu kumpa mshahara. Leo kanuni zimelegea, lakini Mkenya anayekwenda huko kwa viza ya mwanafunzi bado amebanwa na sheria za uhamiaji, ambazo hazimruhusu kufanya kazi ya malipo nje ya chuo pasipo idhini maalumu. Mwenzake Mmarekani wanayepokezana naye mpira anaweza kutangaza viatu na kulipwa. Yeye huambiwa amwone wakili kwanza. Mzazi wa Voi anayeota Marekani na alijue hilo mapema.

Na wanaoota ni wengi. Tangu Tylor Ongwae, aliyepitia vyuo vya Marekani, alipofunga kikapu cha sekunde ya mwisho na Kenya ikaipiga Angola 74-73 mjini Yaoundé mnamo Februari 2021, na tukarejea katika mashindano ya AfroBasket mwaka huo baada ya miaka 28, mpira wa vikapu haujawa tena mchezo wa kupitishia wakati. Umekuwa njia. Penye njia hapakosi madalali.

Nitoe mfano mmoja ninaoujua, bila majina. Msichana wa vijiji vya chini ya Milima ya Taita alichukuliwa akiwa Kidato cha Kwanza na shule ya kaunti nyingine. Ahadi ilikuwa karo yote. Katika mwaka wa kwanza ilitimizwa. Mwaka wa pili mama aliambiwa kwa upole aombe basari nyumbani, kwa kuwa "mambo ni magumu kidogo", naye akaipata kutoka kwa hazina ya eneobunge. Yaani fedha za wananchi wa hapa zikamlipia karo mchezaji aliyekuwa akizitoa jasho timu zetu! Kidato cha Tatu goti likamsaliti. Muhula uliofuata akarejeshwa nyumbani kwa malimbikizo ya karo ambayo hakuna aliyewahi kumweleza kwamba ni yake.

Mama alipopiga simu kwa mwalimu aliyekuja kunywa chai nyumbani kwake, alikuta amehamishiwa shule nyingine. Mwalimu aliyeshika nafasi yake hakujua lolote. Hakusema uongo, maskini, kwa kuwa hakuna kilichoandikwa. Ahadi ilihama pamoja na aliyeitoa. Na shule ya zamani haikuweza kumpokea mara moja, maana stakabadhi zake zilizuiliwa kule alikodaiwa. Muhula mzima ukapotea akiwa amekaa nyumbani na goti lililofungwa bandeji. Waswahili husema chanda chema huvikwa pete, lakini hawakutuambia pete huenda wapi chanda kinapovunjika.

Mtazame sasa jinsi tunavyolinda mashindano yenyewe. Mezani pa wasajili mchezaji huulizwa umri wake, tarehe ya kusajiliwa shuleni, cheti chake cha kuzaliwa. Ni maswali mema, kwa kuwa kuna wanaume wenye ndevu waliowahi kuvalishwa sare za shule. Timu ikipatikana na mchezaji asiyestahiki hunyang'anywa ushindi. Kanuni hizo zote zinalilinda kombe. Swali la nani anamlipia mtoto huyu, na kwa masharti gani, halisikiki pale mezani.

Kuna hasara nyingine isiyozungumzwa, nayo ni ya shule anakotoka mtoto. Serikali iliweka kiwango cha shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na ingawa si kila mara fedha hizo hufika kamili, humfuata mwanafunzi aendako. Mwalimu wa kijijini aliyemfundisha kudunda mpira kwenye vumbi, akanunua neti kwa fedha zake, hupoteza mchezaji, na shule yake hupoteza mgao. Katika kandanda ya kulipwa, FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu akiwa na umri wa miaka 12. Sidai shule za Taita Taveta zilipwe ada, kwani hapo tungekuwa tunauza watoto waziwazi. Lakini shule inayomchukua mchezaji ikiiachia aliyoitoka mipira 10 na jozi ya neti, nani atakufa?

Jambo hili limekuwa la haraka kwa sababu ya mtaala mpya. Mnamo Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu, na mmoja wa mikondo mitatu ni ule wa sanaa na sayansi ya michezo. Kipaji cha uwanjani sasa kinaweza kuwa sababu halali ya kuchagua shule. Vema kabisa. Lakini shule zenye viwanja na makocha ni chache, aghalabu ziko mbali na kwetu, na kwa hiyo watoto watakaohama watazidi.

Ninachopendekeza hakihitaji Bunge. Kila mwanafunzi anayepokewa na shule nyingine akiahidiwa karo kwa ajili ya mchezo aandikiwe barua. Itiwe sahihi na mzazi na walimu wakuu wa shule zote mbili, ili iifunge shule, si mwalimu wa michezo aliyeahidi. Iseme karo italipwa hadi mtihani wa mwisho, acheze asicheze, awe mzima au ameumia. Iseme matibabu ya jeraha la uwanjani ni juu ya nani. Iseme kwamba akitaka kurudi kwao atarudi na stakabadhi zake bila kudaiwa kilichoahidiwa na wengine. Na wasimamizi wa michezo ya shule waidai barua hiyo pamoja na cheti cha kuzaliwa kabla mchezaji hajasajiliwa. Asiye nayo, shule iliyomleta ndiyo iadhibiwe.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwani nimekwisha kulisikia: masharti yakizidi, shule kubwa zitaacha kuwachukua watoto maskini, nao watabaki na udongo wao mwekundu. Sikubaliani nalo. Shule inayotaka kwenda kwenye mashindano ya Afrika Mashariki inamhitaji mtoto mrefu wa Mwatate kama yeye anavyoihitaji karo yake. Na ile itakayokimbia eti kwa sababu imeombwa kuandika ilichotamka kwa mdomo mbele ya chai ya mwenyeji, heri ikimbie akiwa bado na magoti yote mawili.

Michezo ya vikapu huchezwa muhula wa kwanza, na baada yake ndipo wageni huja. Wakurugenzi wa elimu katika kaunti yetu wana muda wa kutosha wa kuchapisha fomu ya ukurasa mmoja na kuisambaza Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Nakala moja ipewe mzazi, moja ibaki shule anakotoka mtoto, na moja iwekwe katika ofisi ya elimu, mahali ambapo mwalimu mpya wa michezo anaweza kuisoma.