Nyumba Yako si Soba House



Siku hizi kijana akiulizwa kuhusu bangi anakuja na hoja: hata Umoja wa Mataifa wameshairuhusu! Maneno hayo ya wanaharakati wa nje yanafika kwenye simu zetu, na wapo wachumba wanaoyatumia kutufunga mdomo. Basi tuyapime.

Tarehe 2 Desemba 2020, Kamisheni ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa, kule Vienna, ilipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi katika Jedwali la Nne la Mkataba wa 1961, lenye masharti makali zaidi. Pendekezo lilitoka Shirika la Afya Duniani. Wanaharakati walishangilia, lakini bangi ilibaki Jedwali la Kwanza, pamoja na heroini. Kilicholegezwa ni upande wa tiba na utafiti. Kijana wa maskani hakuruhusiwa kitu.

Wanasema pia kuwa katazo hili tulibebeshwa na Marekani. Si kweli. Marekani ilitunga sheria yake ya bangi mwaka 1937. Kabla ya hapo, kwenye mkutano wa kasumba wa Geneva wa 1924 na 1925, aliyesimama kudai hashishi idhibitiwe duniani ni mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, akieleza inavyowaharibu watu wake. Ni nchi ya Waislamu iliyodai.

Hoja moja nawapa: jela haimtibu mtu. Na mgonjwa wa kifafa aliyeandikiwa na daktari dawa isiyolevya iliyotokana na mmea huu, hatumnyimi dawa yake. Ila wao wanatoka hapo wanaruka hadi kila mtu avute apendavyo. Thailand iliifungulia bangi mwaka 2022, na mwaka 2025 ikarudi kudai cheti cha daktari.

Wanatuhesabia faida zake. Suratul Baqara ilishatufundisha kuwa ulevi una manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Mtume (S.A.W.) naye ametufunza kuwa kila kinacholevya ni haramu. Kura ya Vienna ingekuwa 53 kwa sifuri, hukumu hiyo ingebaki pale pale.

Sasa wewe, bibi harusi mtarajiwa. Sumu ya bangi inayolevya hupita kondo la nyuma ikamfikia mtoto tumboni, na huingia katika maziwa ya mama. Mama akiivuta na mimba, mtoto yumo hatarini kuzaliwa na uzito mdogo. Basi mume asikwambie tuvute pamoja, ni majani tu. Na anayeivuta sana, hasa aliyeanza angali mdogo, anajiweka katika hatari ya kuharibikiwa akili. Akianza kusikia sauti usiku wa manane, mwanaharakati hatakuwepo. Utakuwepo wewe na watoto.

Kwa hiyo posa ikija, uliza. Walii wako aulize msikitini kwao, kwa majirani, kwa anaokaa nao barazani. Usione haya, ni haki yako kabla ya kusema ndiyo. Akiwa anavuta, asitukanwe wala asitangazwe. Aombewe dua na atibiwe kwanza. Ndoa haikimbii. Usikubali kuolewa ili uwe dawa yake.

Allah atujaalie waume wenye akili timamu. Amin.