Subra Hailipi Kodi ya Nyumba



Leo tuongee wazi. Kuna bosi anataka uamke saa kumi na moja alfajiri, utembee kutoka Laini Saba mpaka Industrial Area kwa sababu nauli hauna, usimame siku nzima, halafu mwisho wa mwezi anakwambia "mambo bado." Mwezi wa pili ni "mteja hajatulipa." Mwezi wa tatu simu yake haishiki. Na wewe unanyamaza. Unaona haya kumuuliza, ni kama wewe ndiye unadaiwa.

Huyo msimuite bosi aliyekwama. Huyo anazungusha biashara yake kwa pesa zako. Amejikopesha bila kukuomba, bila tarehe ya kulipa. Hata shylock wa mtaani hawezi kupa mtu mkopo wa namna hiyo. Mwenye nyumba wako kule Gatwekera amekufungia mlango na kufuli, mama wa kibanda ameacha kukuandikia deni la chapati, na bosi bado gari lake linakula mafuta.

Na kuna aina moja ya mwajiri inaniudhi kuliko wengine wote. Ni yule ndugu yetu. Anaswali safu ya mbele, anajulikana mtaa mzima, ukimuuliza mshahara anakupa mawaidha. "Subiri ndugu yangu, Allah yuko pamoja na wenye kusubiri." Wallahi huyu anatumia dini kama kufuli. Subra ni ya msiba, ni ya maradhi, ni ya kufiwa. Kunyimwa jasho lako na mtu mwenye uwezo wa kukulipa jina lake ni dhulma, na hakuna mahali tumefundishwa kuilinda dhulma kwa kunyamaza. Mtume (s.a.w.) alihimiza kibarua alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na katika Bukhari imepokewa kwamba anayemwajiri mtu, akachukua kazi yake yote kisha asimlipe, Mwenyezi Mungu Mwenyewe ndiye atakuwa mshtaki wake Siku ya Kiyama. Sasa wewe unaogopa kumpeleka kwa afisa wa leba?

Kuna wazee watakwambia usimuaibishe, huyo ndiye hutoa futari Ramadhani. Wazee wetu, kwa heshima: futari iliyopikwa kwa mshahara wa kijana wa mjengo imetolewa na huyo kijana. Tumshukuru yeye.

Tusiseme pia ni wafanyabiashara pekee. 2020 serikali iliwatoa vijana wetu kufagia mitaro kwa Kazi Mtaani, awamu ya pili ikawa shilingi 455 kwa siku, na hata hizo zikawa za kungojewa. Na Kibera tunajua kungojea kuliko watu wengi. Wazee wa Kinubi walimpigania Mwingereza katika King's African Rifles, wakaachwa hapa msituni waishi, na hati ya ekari 288 ilikuja kutolewa 2017. Waliofanya ile kazi walikuwa wamezikwa zamani. Wewe hauna miaka mia moja ya kungoja.

Hebu sasa tuongee sheria, kwa sababu bosi anategemea kwamba huijui.

Sheria ya Ajira ya 2007 imesema lini unalipwa. Kama ni kibarua cha siku, pesa zako ziko tayari siku ikiisha. Dada zangu mnaokaa kando ya barabara kutoka Kawangware kwenda Lavington mkingoja kazi ya kufua: yule anayekwambia "njoo Ijumaa" baada ya kufua lundo la nguo na kupiga deki nyumba nzima anavunja sheria siku hiyo hiyo. Kama umeajiriwa kwa mwezi, unalipwa mwezi ukiisha. Haijaandikwa popote "mteja akilipa." Mteja ni shida yake. Na akikufuta, hata kama kosa lilikuwa lako, siku ulizofanya kazi lazima azilipe.

Kuna ujanja mwingine, kukuita kibarua mwaka mzima. Ukifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi, sheria inakutoa kwenye ukibarua na kukuhesabu kama mfanyakazi wa mwezi, apende asipende. Hapo kima cha chini cha mshahara wa mwezi kinakuhusu. Kwa Nairobi, Novemba 2024 cha mfanyakazi wa kawaida kilipandishwa hadi shilingi 16,113.75. Na makato yake ya "umevunja kikombe, umechelewa, umepoteza funguo," hata yale yanayoruhusiwa, yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili ya mshahara.

"Lakini mimi sina mkataba." Hii ndiyo sentensi inayowaokoa mabosi wengi, na haina maana. Kazi ya miezi mitatu au zaidi, ni yeye mwajiri anayetakiwa kuhakikisha mkataba umeandikwa. Asipouleta, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha mlichokubaliana unamwangukia yeye. Wewe leta ulicho nacho. Kama alikuwa akikulipa kwa M-Pesa, piga *334# uombe statement: jina lake liko pale, mwezi baada ya mwezi, mpaka mwezi alioacha. Meseji za WhatsApp za "kesho njoo mapema" ni ushahidi. Picha yako ukiwa na ovaroli kwenye saiti ni ushahidi. Kitabu cha getini ulichokuwa ukisaini ni ushahidi. Usifute chochote, na ukibadilisha simu hamisha hizo meseji kwanza.

Kuna mambo mawili nimeona yakiharibu kesi nzuri kabisa. La kwanza, kijana anakasirika anabeba wilbaro au mifuko ya simiti ya saiti "kujilipa." Bosi anakimbia polisi, na kufikia jioni wewe ndiye mshtakiwa, yeye ni mlalamishi. La pili ni karatasi. Anakuita, anakupa nusu, anakwambia saini hapa. Hiyo karatasi imeandikwa kwamba umelipwa yote na haumdai tena. Njaa inasaini haraka. Chukua nusu kama atakupa, lakini andika kwa mkono wako "nimepokea nusu, bado nadai" na kiasi. Akikataa uandike hivyo, usisaini.

Ukishamuandikia na amekaa kimya, nenda ofisi ya leba. Haulipi kitu kulalamika, na hauhitaji wakili. Afisa wa leba ana nguvu ya kumuita na kumdai rekodi za mishahara, ambazo sheria inamlazimu kuziweka. Kutolipa ni kosa la jinai: faini hadi shilingi 100,000, au kifungo hadi miaka miwili, au vyote viwili. Nawaambia ukweli, ofisi hizo zina foleni na maafisa ni wachache, utaambiwa rudi wiki ijayo. Rudi. Wengi wanaacha wakiambiwa rudi mara ya pili, na bosi anajua hivyo.

Ikienda kortini, usipelekwe Mahakama ya Madai Madogo. Ile haisikizi kesi za kazi, na kuna watu wamepoteza nauli pale bure. Tangu 2018, mfanyakazi ambaye mshahara wake hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi anaweza kusikizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kesi za ajira. Wengi wetu tuko chini ya hapo, chini sana. Una miaka mitatu, lakini usingoje mwaka wa tatu, mashahidi huhama. Kituo cha Sheria kimekuwa kikisaidia watu wasio na pesa ya wakili tangu 1973. Wa kazi za nyumbani na hoteli wana chama, KUDHEIHA. Na akikutisha kwamba ukilalamika atakufuta, kulalamika si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Akifanya hivyo amejiongezea kesi ya pili.

Msiende mmoja mmoja. Mtu mmoja anaitwa msumbufu, watu kumi ni kesi. Mnakumbuka wale vijana wa hapa Nairobi, zaidi ya 180, waliokuwa wakichuja picha na video za kutisha za Facebook? Wao walikuwa wanapinga kuachishwa kazi. Meta ikasema haiwezi kushtakiwa Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema inaweza. Kama kampuni ya Marekani ya ukubwa huo inaitwa Milimani, huyu wako wa ghorofa nne ni nani?

Basi usiku wa leo toa statement yako ya miezi sita. Hesabu siku ulizofanya kazi. Kisha mtumie ujumbe, bila matusi, bila "bosi naomba unisaidie," kwa sababu hauombi msaada. Mwandikie hivi:

"Kuanzia tarehe 1 hadi 30 nilifanya kazi siku 26 katika saiti yako. Mshahara tuliokubaliana ni shilingi kadhaa. Hujanilipa. Nakupa siku saba. Baada ya hapo napeleka malalamiko kwa afisa wa leba."

Weka kiasi kamili pale nilipoandika kadhaa. Piga picha ya ujumbe huo ukiwa na alama mbili za kufika, mtumie mwenzako mnayedai pamoja, na yeye atume wake usiku huo huo.