Nani Mwizi Mkubwa wa Ketterdam?

Wako walimu na wazazi wanaoamini kwamba riwaya ya wezi haina funzo lolote kwa kijana. Hoja yao ina uzito, kwani kitabu kinachomfanya mwizi kuwa shujaa chaweza kumpotosha msomaji asiyepevuka. Lakini kabla ya kukihukumu, yafaa tuulize: wezi hao wametoka wapi?

Swali hilo limo katika Six of Crows, riwaya ya Leigh Bardugo wa Marekani iliyotolewa mwaka 2015. Ni hadithi ya uchawi na nchi zisizokuwako. Hata hivyo mji wake, Ketterdam, umefinyangwa kwa mfano wa Amsterdam ya kale, makao ya Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1602 na ambayo ilichuma kwa viungo na kwa watumwa pia. Ketterdam huabudu faida waziwazi: biashara ina mungu wake, na mkataba ni kitu kitakatifu.

Mfanyabiashara tajiri, Van Eck, anaahidi kruge milioni 30 kwa kundi la vijana sita waliotupwa na jamii, wakavamie ngome ya ng'ambo na kumtorosha mwanasayansi aliyefungwa humo. Kiongozi wao, Kaz, ni mtoto wa mkulima aliyekuja mjini na kaka yake. Laghai akawapora urithi wao, na kaka akafa kwa tauni. Inej alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akaishia danguroni. Sheria ya Ketterdam inakataza utumwa, lakini inaruhusu mkataba unaomfunga mtu kazini mpaka amalize deni. Mnyororo umebadilishwa jina tu.

Walimu watafakari zaidi habari za Wylan, mtoto wa Van Eck huyo huyo. Wylan hawezi kusoma, na kwa sababu hiyo baba yake amemkana kama aibu ya ukoo. Lakini ni hodari wa hesabu, muziki na kemia, na baruti zake ndizo zinazowafungulia wenzake njia. Je, ni wangapi katika madarasa yetu wanaoitwa wajinga kwa kosa kama hilo?

Riwaya hii ina upungufu wake. Karibu kila mmoja wa vijana hawa anawaza fungu lake, na mji wenyewe hakuna anayefikiria kuubadili. Inej ndiye anayetamani fungu lake limpatie meli ya kuwasaka wauza watu. Mbegu hiyo ndogo ya kuwajali wengine ina thamani kuliko kruge zote za Van Eck.

Kazi inapokamilika, tajiri yule anakataa kulipa. Basi, ndugu mwalimu, usimnyang'anye kijana kitabu hiki. Muulize mwizi mkubwa ni nani. Nasi tunaoshika madaftari ya mahudhurio na majalada ya ofisi tujiulize ni nani tunayemtupa leo, ambaye kesho tutamwogopa.