Baba wa kambo, katuni ya Krismasi na godoro lililolowa

Mkesha wa Krismasi ya mwaka jana, nyumbani kwa dada yangu Mikese, tulikuwa na watoto tisa na simu moja tu yenye chaji. Umeme ulikatika tangu saa kumi jioni. Nyama ilikuwa jikoni, nguo za sikukuu zimekunjwa juu ya kabati, na watoto wameshachoka kurushiana kokwa za embe. Kijana mmoja wa duka la simu pale barabarani alikuwa amewawekea katuni kwenye memori kadi kwa shilingi mia tano. (Najua, haki za watengenezaji wa filamu ni mjadala mwingine, na siku moja tutaufanya.)

Katuni yenyewe ilikuwa ya Kifini, imetiwa Kiingereza, inaitwa Niko 2. Ilitoka mwaka 2012, ikiwa ni mwendelezo wa ile ya kwanza ya 2008. Nilichukua simu nikaiegemeza kwenye sufuria, nikakaa nyuma yao ili niwatafsirie. Sikujua kwamba nitakayekuwa namtafsiria hasa ni mtoto mmoja.

Huyo ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo kwa desturi ni mwanangu. Alikuwa na miaka saba. Baba yake mzazi ni dereva wa lori la kwenda Tunduma, na walipokuwa pamoja na dada alikuwa akipita Mikese usiku anapiga honi mara tatu. Mtoto alikuwa akiamka usingizini kwa honi ile, hata malori kumi yakiwa yamepita kabla yake. Walipoachana, honi zikapungua, kisha zikaisha. Mwezi wa tisa mwaka jana dada akaolewa na mwanamume mwingine, fundi seremala, mtu mpole, aliyekuja na mtoto wake wa kiume wa miaka minne.

Mwezi wa kumi mwanangu akaanza kukojoa kitandani. Alikuwa ameacha tangu ana miaka minne.

Nyumbani walilichukulia kama utundu. Dada alimchapa mara mbili, kisha akaona aibu, akaacha. Bibi akapendekeza afungwe chura kiunoni, dawa ambayo ameisikia tangu utoto wake. Watoto wa jirani wakawa wameshamwita kikojozi. Mtoto mwenyewe akawa anaamka alfajiri kabla ya wote, anaburuta godoro hadi nyuma ya nyumba, anarudi kukaa mlangoni akitazama barabara.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anaweza kubadilika, lakini ukoo haubadiliki, na mjomba yupo. Ndiyo maana dada alinijibu kwa simu, tena kwa uhakika, "Huyu ni wetu, atapungukiwa nini?" Nilikubaliana naye wakati ule. Hesabu ya ukoo ilikuwa sawa kabisa. Hakuna aliyekuwa ameuliza hesabu ya mtoto.

Sasa, katuni. Niko ni kulungu mdogo wa nchi za baridi, wale wanaovuta gari la Baba Krismasi angani. Katika filamu ya kwanza amegundua kwamba baba yake ni mmoja wa kikosi kile kinachoruka. Katika ya pili anaishi na mama yake huku akisubiri jambo moja tu: baba na mama warudiane. Badala yake mama anamwambia amepata mwenzake mpya, Lenni, na kwamba Lenni ana mtoto mdogo, Jonni, ambaye Niko sasa atatakiwa kumlea kama mdogo wake. Niko hamtaki. Kisha tai wanamnyakua Jonni, na Niko anaondoka kwenda kumtafuta, akisaidiwa na mzee mmoja, Tobias, ambaye zamani alikuwa kiongozi wa kikosi kile na sasa karibu haoni.

Nilipofika kutafsiri maneno ya mama yake Niko, nilisita. Shemeji alikuwa amekaa kizingitini anachonga kijiti. Dada alikuwa jikoni, lakini mwiko ukanyamaza. Nikatafsiri hivyo hivyo.

Mwanangu hakugeuka. Aliuliza tu, macho kwenye simu, "Mama mdogo, kwa hiyo baba yake hatarudi?"

Nikamwambia tuangalie.

Hapo nikafanya kosa, na nalieleza kwa sababu wengi wetu tunaosoma kurasa za afya tunalifanya. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Aprili 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Mtoto mdogo wa shemeji ana miaka minne. Katuni hii ni kama saa moja na robo. Basi saa moja ilipotimia, mimi mwandishi wa afya, nikazima simu. Jonni alikuwa bado hajaokolewa! Yule mdogo alilia mpaka akatapika maandazi. Watoto wanane wengine wakanitazama kama mimi ndiye mbwamwitu.

Saa moja ile ni kipimo cha siku za kawaida, na lengo lake kubwa ni kwamba mtoto apate muda wa kucheza, kukimbia na kulala. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa miaka mitatu hadi minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo. Ukitaka kukata filamu, kata mahali palipotulia, mwambie kabla ya kuanza kwamba mtaangalia vipande viwili, na usimwache mtoto alale na mnyama mkali akiwa bado mlangoni. Mimi niliwasha tena. Tukamaliza.

Baba na mama wa Niko hawarudiani. Baba anabaki kuwa baba, na Lenni anabaki nyumbani. Mwanangu alinyamaza muda mrefu, akauliza swali la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike. "Niko angemuacha Jonni kule kwa tai, mama yake angerudi kwa baba?"

Alikuwa ameliwaza hilo miezi mitatu. Ameliwaza juu ya mtoto wa miaka minne anayelala naye godoro moja.

Aliyejibu si mimi. Shemeji aliweka kijiti chini, akasema, "Hapana. Wangekuwa wanamlilia Jonni, na baba yako angekuwa barabarani vilevile." Alisema "baba yako", si baba yake Niko. Sijui kama aliteleza au alikusudia, na sijamuuliza. Mtoto akamtazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile.

Sitaki mtu afikiri katuni ilimponya. Tarehe 27 tulikwenda zahanati, kwa sababu mtoto aliyekwisha kauka kwa miezi sita au zaidi akarudia kukojoa kitandani anastahili kuchunguzwa kabla hatujasema ni mawazo. Inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, hasa akilalamika kuumia au mkojo ukinuka vibaya. Inaweza kuwa choo kigumu kinachobana kibofu, jambo ambalo wazazi wengi hawalihusishi kabisa. Na ukiona anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mara nyingi hata mchana na anakonda, usisubiri sikukuu ipite. Hiyo inaweza kuwa kisukari, nacho kwa watoto huenda kasi. Mwambie mhudumu dalili hizo zote, aombe kipimo cha mkojo na cha sukari.

Vipimo vya mwanangu vilikuwa safi. Mhudumu, mama wa makamo, aliuliza swali moja ambalo sikulitegemea: "Nyumbani kuna nini kipya?" Dada akaanza kulia.

Tulichokubaliana kilikuwa kidogo sana. Asichapwe, asitaniwe. Maji anywe vizuri mchana, yapungue jioni, aende chooni kabla ya kulala. Godoro lifunikwe nailoni chini ya shuka, na kila mtoto apate godoro lake. Hilo la godoro shemeji alilichukua kwa haraka, akatengeneza kitanda kwa mbao za kazi ya mteja, na mteja alikasirika. Jambo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote: dada ampigie baba mtoto, amwambie mtoto anasikiliza honi. Ilimchukua wiki mbili kupiga simu hiyo. Mjomba ndiye aliyemsimamia.

Kukojoa hakukuisha siku hiyo. Kulipungua mwezi wa pili, kukarudi wiki ambayo baba aliahidi kupita asipite, kisha kukapungua tena. Tangu mwezi wa sita godoro limekauka. Shemeji bado anaitwa anko, na anasema hana haraka.

Wasomaji wengine wataniuliza kwa nini katuni ya kulungu na theluji wakati tuna zetu. Kweli tunazo. Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam, imekuwa hewani tangu 2014, na Akili and Me inawafaa wale wa chekechea. Hizo zinapatikana kwa Kiswahili, na kama una bando dogo ningeanza nazo. Lakini katuni yoyote ile, iwe ya theluji au ya Kilimanjaro, jaribu kukaa nyuma yao badala ya kuwaachia simu uende kukoroga pilau. Nisingekuwa natafsiri, swali lile lingeishia kwenye godoro.

Shule zimefungwa wiki hii na mimi narudi Mikese Jumamosi. Mwanangu amenipigia kwa simu ya mama yake. Amesikia kuna Niko ya tatu, na ni kweli, ilitoka 2024. Anataka nije nayo. Nyuma yake nilimsikia yule mdogo, sasa ana miaka mitano, akipiga kelele anyang'anye simu.

"Ngoja kwanza," akamwambia. Kisha akaniuliza, "Mama mdogo, na Jonni yumo?"